Tairi la Nyuma

Rafiki yangu ni fundi baiskeli, si mtu wa porojo. Alikuwa akirudi kutoka safari ndefu ya mashambani, peke yake na baiskeli yake, giza likamkuta msituni. Tairi la nyuma limetoboka, viraka vimekwisha, maji hakuna. Akapiga kelele hadi sauti ikamkauka: "Jamani, yeyote! Nitoe hapa, na kwangu ni kwako!"

Kimya. Akajiinamia akilia, pampu yake mapajani.

Nyuma yake pampu ikasikika: fyuu, fyuu. Kugeuka, tairi limejaa.

Hakuuliza. Alikanyaga pedali kufa kupona, baiskeli nzito kama imepakia mtu. Akashukia mlangoni kwake.

"Keria ilikuwa tupu, ndugu yangu," alinisimulia, "lakini tairi bado limebonyea."

Kisha keria ikalia kwii, tairi likainuka taratibu.