Picha Aliyomwonyesha Mwanawe

Uvumi ulimfika Venansia akiwa kwenye foleni ya maji ya mvuke, yale ambayo mitambo ya jiji la Tabora huyavuna hewani. Ati yule bwana aliyekuwa akitesa vijana katika nyumba ya bati, kule katika nchi ambayo yeye na mwanawe waliikimbia, sasa anauza miwani mtaa wa pili, amenenepa, na wateja wanampenda. Alijaribu kuupuuza. Akapika, ukamfuata jikoni. Akaenda kusali, ukapiga magoti naye.

Mwanawe Nestori alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na bado hakuweza kukaa chumbani mlango ukifungwa. Kila jioni mama alimkanda mabega kwa maji ya moto na mafuta ya mawese. Lile jambo la nyumba ya bati hawakuwahi kulizungumza.

Basi Venansia akaenda dukani. Akajifanya macho yanamsumbua, akampiga yule bwana picha kwa pete yake ya kamera. Bwana alimwita dada, akamfutia kiti. Jioni, Venansia akiwa anamkanda mwanawe, akamwekea picha mbele.

"Nestori, baba, ni huyu?"

Nestori akaitazama weee, kisha akatoka nje, mlango akauacha wazi. Aliporudi akasema ndiyo, ni huyu.

Wakaenda Mahakama ya Mataifa. Sheria ilikuwa wazi miaka hiyo: mtesaji akivuka mpaka, kosa lake linavuka naye, na nchi yoyote atakamokutwa inaweza kumkamata na kumhukumu. Kazi ilikuwa ushahidi. Kwa ajili hiyo mahakama ilikuwa na chujio-kumbukumbu, kofia laini kama ya ukindu, inayosoma yaliyomo kichwani na kuyatenga. Kilichoingia siku ya tukio huonekana chekundu kwenye kioo. Kilichoingia baadaye, kwa kusimuliwa au kuonyeshwa, huonekana cheupe. Bila uso mwekundu hakimu hatoi hati ya kukamata.

Mhandisi Zulekha alimwamkia mama, akamvisha Nestori kofia taratibu kama anayemvika mtoto. Mama akaruhusiwa kumshika mkono.

Nyumba ya bati ikatokea kiooni, nyekundu. Ndoo, nyekundu. Buti, nyekundu. Kisha ukaja uso: mweupe pe, na nyuma yake rafu za miwani.

Zulekha akazima mtambo. Akauliza, kwa sauti ya chini, kama kuna mtu aliyemwonyesha shahidi picha.

"Mimi," alisema Venansia. "Nilitaka kuwa na hakika, mwanangu. Nisije nikamsingizia mtu."

"Nakuelewa, mama. Lakini uso wa dukani umeukalia ule wa zamani. Nikijaribu kuutoa, nitamuumiza yeye."

Akaeleza kwamba jalada halifungwi. Ila watahitajika wengine wawili waliopita mle, ambao hawajaona picha yoyote. Venansia hakusikia vizuri. Alikuwa analia kimya kimya, ukingo wa kanga mdomoni, akiwaza kwamba amemfungulia yule bwana mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Nestori akavua kofia. Akainama hadi uso wake ukalingana na wa mama.

"Mle ndani tulikuwa kumi na wanne, mama," alisema. "Wengine mama zao wako humu humu Tabora. Twende ukawaambie, kabla nao hawajaenda kujaribu miwani."

Venansia akacheka huku machozi yanamtoka. Ilikuwa mara ya kwanza mwanawe kuitaja hesabu ile.

Kesho yake akaandika karatasi kwa mwandiko wake wa darasa la saba, akaipeleka nyumba kwa nyumba:

Msiende kumtazama yule muuza miwani. Mimi nilienda.

Msimpige picha. Mkiwa nayo, msimwonyeshe mtoto.

Msimuulize kama ni yeye. Msimtajie jina la yule bwana wala anakoishi. Akitaka kusema mwenyewe, mshikeni mkono mnyamaze.

Msiwakalishe watoto wawili pamoja mkalinganisha walichokiona.

Msifue nguo aliyorudi nayo kutoka kule, hata kama inanuka.

Msimwambie asahau. Pia msimwambie akumbuke.

Msipige soga juu ya jambo hili kwenye foleni.

Msingoje wiki ijayo kuwapeleka mahakamani. Yule bwana ameanza kufunga makasha.