Vizibo vya Fundi Kabati

Mashine ilikohoa mara tatu, ikazima, na hapo ndipo mvua iliposikika ukali wake. Kumbe muda wote ule ngurumo ya mashine ndiyo iliyokuwa ikiwafichia. Ilikuwa saa sita mchana, lakini mbele wala nyuma hapakuonekana kitu ila maji yanayoshuka na maji yanayopanda.

Fundi Kabati alisimama mlangoni mwa kabini, ameng'ang'ania fremu aliyoichonga mwenyewe. Jina hilo alipewa na shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe, ambaye ndiye mwenye boti na ndiye nahodha. Alimwita hivyo kwa utani, ila utani wenyewe ulikuwa na ncha: maana yake ni kwamba mtu wa makabati abaki na makabati. Siku hiyo alikuwa amepanda kwa sababu moja tu, kumleta mama mkwe nyumbani kutoka hospitali ya ng'ambo. Mama alikuwa amelala ndani, wiki mbili tangu apasuliwe nyonga na kuwekewa chuma. Daktari alikuwa amewakanya mambo mawili: mguu usikunjwe, na kidonda kisiloe. Safari ilikuwa ya saa tatu, na walikuwa wamekwenda saa mbili.

Nahodha alipiga magoti nyuma ya boti, akapapasa chini ya maji yaliyotuama pale sitahani. Yalikuwa yamemfika kwenye vifundo vya mikono.

"Kifuniko cha tangi kimezama," alisema. "Mvua imeingia kwenye mafuta. Shemeji, miaka sita nina boti hii, haijawahi kushika maji hapa nyuma. Hata inyeshe vipi, yanapita yanakwenda zake. Leo kuna nini?"

Fundi Kabati aliangalia kule nyuma. Alijua kuna nini.

Wiki iliyopita alipokuja kutengeneza mlango, kitanda na rafu ya mama, aliona nyuma ya boti, chini kabisa usawa wa sitaha, matundu mawili, kila moja la kuingia vidole gumba viwili. Wimbi dogo lilipiga, maji kidogo yakaingia kupitia humo, yakatoka. Alitikisa kichwa. Tundu kwenye boti! Kwa seremala, tundu ni kosa la mtu mvivu. Alichonga vizibo viwili vya mbao ngumu, akavipaka gundi, akavigongomea, akavipiga msasa na rangi mpaka hata mwenye boti asione kiungo. Hakumwambia mtu. Alitaka siku moja shemeji agundue mwenyewe, aone aibu kidogo, aache kumwita Fundi Kabati.

"Washa pampu," nahodha aliamuru.

Pampu ilinguruma bila kutoa hata tone. Aliifungua, akaingiza vidole, akavuta donge jekundu lililolowa. Alilisugua kiganjani.

"Maranda? Maranda ya mbao yameingiaje kwenye pampu yangu?"

"Ya rafu," Fundi Kabati alisema upesi. "Ile rafu ya mama. Labda sikufagia vizuri."

Nahodha alimtazama kidogo, akatupa lile donge, akamsukumia ndoo. "Basi chota."

Alichota kama mwenda wazimu. Lakini kwa kila ndoo aliyomwaga, mvua ilirudisha moja, na wimbi lililorukia nyuma likaleta tatu. Sehemu ya nyuma ilizidi kuzama. Maji yalipanda kizingiti cha kabini, yakaingia ndani, yakafunika betri. Pampu, iliyokuwa bado ikinguruma bure, ikanyamaza moja kwa moja. Halafu, katikati ya kelele za mvua, ikasikika kelele nyingine, nzito, inayokuja na kukatika.

Nahodha alisimama wima. "Mwamba," alisema. "Upepo unatupeleka kwenye mwamba. Tuna nusu saa, kama ipo."

Alifunga turubai kwenye kamba akalitupa mbele, lijae maji na kuishikilia boti isiende kasi. Fundi Kabati aliingia kabini kumtazama mama. Maji yalikuwa yameshalowesha godoro. Mama, mwanamke mwenye mwili wake, alikuwa ameinua mguu mbovu kwa mikono yote miwili.

"Baba, usiogope," alimwambia, kana kwamba mgonjwa ni yeye. "Mlango wako huu umetusaidia sana. Bila wewe tungeshazama."

Afadhali angemtukana. Alimkunjia blanketi chini ya paja, akatoka nje.

"Shemeji, yale maranda si ya rafu. Matundu ya nyuma nimeyaziba mimi. Yote mawili."

Nahodha aliacha kamba. Mvua ilimtiririka usoni asipepese. "Umeyaziba na nini?"

"Mbao ngumu. Na gundi."

"Kwa nini?"

"Nilidhani yanaingiza maji."

Nahodha aliangalia upande wa mwamba. "Ningekuwa na nafasi ningekutukana vizuri. Lete keke na patasi."

Fundi Kabati alikuwa ameshaichomoa keke, ile ya kuzungusha kwa mkono, nahodha alipomshika bega. "Ngoja kwanza, unielewe. Matundu yale yanatoa maji boti ikiwa nyepesi, maana yanakuwa juu ya bahari. Sasa nyuma imezama. Ukitoboa hivi hivi, bahari yote inaingia. Lazima tuinue nyuma."

Walihamisha kila kilichohamishika. Madumu ya mafuta yakaenda mbele, na betri iliyokufa, na minyororo, na sanduku la vyombo. Nyuma iliinuka kidogo, upana wa kiganja labda. Nahodha alisema itatosha, lakini sauti yake haikuwa na hakika.

Fundi Kabati alilala kifudifudi ndani ya maji na kuanza kutoboa kwa kupapasa. Maji ya chumvi yalimwingia puani kila boti ilipoyumba. Mbao ile aliichagua kwa ugumu wake, na sasa ilimlipa kwa ugumu huo huo. Alizungusha, akakohoa, akazungusha. Keke ilipenya. Alitia patasi, akagonga, kipande kikang'oka na kuchomoka nje. Patasi ikateleza ikamchana chini ya kidole gumba, na maji yakawa mekundu mbele ya macho yake.

Aliweka kiganja juu ya tundu. Palikuwa na nguvu inayomrudisha nyuma.

"Yanasukuma!" alipiga kelele. "Bahari inaingia!"

"Ziba kwa mkono! Usitoe!" Nahodha aligeuka huku na huku kutafuta cha kuhamisha. Hakikuwapo tena. Macho yake yakaishia kwenye mlango wa kabini, na akasita.

"Niambieni," sauti ya mama ilitoka ndani. "Niende wapi?"

"Mama, hapana. Mguu wako," nahodha alisema.

"Mguu utapona nikiwa hai. Wapi?"

"Mbele kabisa, mama. Kwenye pua, palipo na kamba."

Walimsikia akishuka kitandani. Alijisogeza chali, kwa viwiko, mguu ameunyoosha, anapiga yowe kila hatua ya mkono. Mayowe yale yalimwingia Fundi Kabati kuliko patasi. Alitamani aende akambebe, na hakuweza, kwa kuwa kiganja chake ndicho kilichokuwa kizibo. Alilia pale pale, uso kwenye maji, wala hakujificha.

"Nimefika!" mama alisema, akihema. "Nimekumbatia madumu. Daktari ananiambia nipunguze mwili, mwambieni leo umepata kazi."

Boti iliinamisha pua. Fundi Kabati alisubiri. Chini ya kiganja chake, ile nguvu iliyokuwa ikimsukuma ikalegea, ikatulia, kisha ikaanza kumnyonya.

"Yanavuta!" alisema. "Shemeji, yananivuta mkono!"

"Basi toa mkono, utoboe la pili!"

La pili lilikwenda haraka, kwa hasira, nusu kutoboa nusu kubomoa. Lilitoka bovu, limechanika kingo, na hajawahi kufanya kazi mbaya kama ile maishani mwake. Maji yalizunguka, yakajikusanya, yakaanza kutoka kwa mlio wa kugugumia. Sitaha ilionekana. Kifuniko cha tangi kikatokeza. Kila wimbi lililorukia ndani lilitoka lenyewe, bila kuombwa.

Nahodha hakungoja kufurahi. Aliachana na lile tangi lililoingia maji, akamwaga maji yaliyokuwa kwenye chujio, akautumbukiza mpira wa mafuta moja kwa moja kwenye dumu dogo la akiba alilolileta kutoka mbele. Betri ilikuwa imekufa, basi akakamata kamba ya kuwashia. Alivuta mara tano. Mwamba sasa ulionekana, mweusi, na mwani umening'inia kila povu liliposhuka. Alivuta mara ya sita, akateleza, akaanguka. Fundi Kabati aliishika kamba kwa mkono wake mzima, nahodha akaishika juu ya mkono wake, wakavuta pamoja.

Mashine ilikohoa, ikanguruma, ikashika.

Walifika gatini saa tisa, mvua imekuwa manyunyu. Kidonda cha mama kilikuwa kimefungwa kitambaa kikavu cha mwisho kilichobaki, na chuma kilikuwa mahali pake, kama mhudumu wa zahanati aliyekuja na machela alivyothibitisha baada ya kumpapasa na kutukanwa kidogo. Mkono wa Fundi Kabati ulikuwa umeviringishwa kilemba cha shemeji yake, ambacho alikivua mwenyewe.

Walipokuwa wakimweka mama kwenye machela, mchukuzi mmoja wa pale gatini, mtu mwema asiyengoja kutumwa, alikuwa ameinama nyuma ya boti.

"Jamani, mna bahati!" aliwaita. "Boti yenu ina matundu mawili huku nyuma! Nimeshawatilia matambara."

"Toa!"

Walisema wote watatu kwa mpigo, na sauti kubwa kuliko zote ilikuwa ya mama. Mchukuzi aliruka, matambara mkononi, hajui kosa lake. Fundi Kabati alimwendea, akapenyeza vidole gumba katika kila tundu kuhakikisha halina kitu, kisha akamshika bega.

"Usijali, ndugu yangu," alimwambia. "Hata mimi nilidhani hivyo hivyo."