Hewa ya Wageni

"Usinipe shikamoo, nipe hewa!"

Bi. Mkejina alikuwa amesimama mlangoni kwa Tumpe, kanga moja kiunoni, nyingine ameikunja anajipepea nayo, jasho linamtiririka mpaka kidevuni. Nyuma yake korido nzima ya ghorofa ya kumi na tisa ilikuwa imetoka kusikiliza, na hakuna hata mmoja aliyejisumbua kujifanya ana shughuli. Pazi, fundi cherehani, alikuja na kigoda chake kabisa.

"Mama, kipoza hewa chako kimeharibika?" Tumpe aliuliza.

"Kingeharibika ningekushukuru! Kizima, tena kina akili zake. Tangu juzi kimebana, hakiachii. Pumzi inakuja kama ya kuazima."

"Wanasema ni wewe unayebana," Pazi alichomekea. "Sisemi mimi. Wanasema."

Lazima mtu aelewe Mnara wa Mkonge ulivyokuwa. Nje, jiji la Tanga lilikuwa limefika nyuzi hamsini na moja, na madirisha ya mnara hayakujengwa yafunguke. Kila nyumba ilipokea hewa-baridi kwa kipimo, na kila kipimo kilishikwa na seva yake. Seva zenyewe hazikuwa mnarani. Nyingine zilikaa kwenye mapango ya Lushoto kwa ajili ya ubaridi, nyingine ndani ya vyumba vya chuma chini ya bahari, na zilizobaki zilikuwa zinaizunguka dunia huko juu. Tumpe Mwaipopo, mhandisi wa mnara, alizisimamia zote mia nne na kumi na mbili akiwa amekaa kitini kwake, miguu juu ya stuli.

Aliyemwezesha aliitwa Mnyapara. Huyu hakuwa mtu, alikuwa programu. Seva zile zilikuwa na mifumo endeshi ya koo tatu zisizosikilizana: Wakale, Wapya, na Viraka, ambayo vijana wa mtaani waliishona kwa mabaki ya hizo mbili. Tumpe aliandika waraka mmoja tu: nyumba fulani ipate hewa ya watu kadhaa. Kila saa kamili Mnyapara aliupitisha waraka huo kwa seva zote, akiongea na kila ukoo kwa lugha yake. Akikuta mambo yako kama yalivyoandikwa, alipita bila kugusa. Akikuta yamekwenda upande, aliyanyoosha. Mzunguko mzima ulimchukua dakika nne. Mhandisi aliyemtangulia Tumpe, mzee mmoja aliyeitwa Fundi Shekigenda, alizipitia kwa mkono, moja moja, kwa wiki sita.

Juzi, baada ya miezi mitatu ya kuandika, Tumpe alimwachia Mnyapara kwa mara ya kwanza. Ripoti ikarudi: seva mia na themanini na saba zimenyooshwa. Alitikisa kichwa. Huyo mzee alikuwa ameacha uchafu kiasi gani?

"Mama, fomu yako nimeisoma," alimwambia sasa Bi. Mkejina, kwa sauti ya upole aliyoitunza kwa watu wasioelewa mitambo. "Umeandika watu wawili."

"Ndiyo. Mimi na mume wangu."

"Na hewa inayokuja ni ya watu wawili."

"Na wageni je?"

"Wageni wangapi?"

Koridoni mtu mmoja akaguna.

"Wangapi?" Bi. Mkejina aliacha kujipepea. "Watu unawahesabu kama kuku wa mnadani? We mtoto, nyumbani kwenu mgeni akifika anapewa maji au anapewa namba?"

"Basi niambie tu wamekuja lini."

"Mmoja kaja mwaka juzi. Lakini anaondoka keshokutwa."

Pazi alicheka mpaka kigoda kikayumba. Hata Bi. Mkejina mdomo ulimcheza kidogo. Lakini kabla hajaendelea, sauti ya mwanamume ikapiga yowe kutoka nyumbani kwake, mlango wa tatu upande wa pili: "Bi. Mkejina! Njoo, mzee kaanguka!"

Walikimbia wote, Tumpe na kishikwambi chake mkononi. Joto la mle ndani lilimpiga usoni kama mvuke wa sufuria. Watu walikuwa wamekaa ukutani, wengine wamelala chini kwenye sakafu tupu kutafuta ubaridi, mama mmoja akimloweka mtoto kwenye beseni. Katikati, juu ya mkeka, alilazwa mzee mwembamba, kifua kinapanda na kushuka kwa shida.

Tumpe alimjua kwa picha ya kwenye faili.

"Fundi Shekigenda? Unakaa hapa?"

Mzee alifungua jicho moja. "Nyumba niliyokuwa nayo ilikuwa ya kazi. Kazi ilipoisha, na nyumba ikaisha. Ndiyo hiyo uliyomo wewe. Bomba la bafuni bado linavuja?"

Tumpe aligeuka kuwatazama majirani, na kila aliyemtazama alipata kitu cha kuangalia darini. Miezi mitatu walikuwa wanalijua hilo, wamelizungumza kwenye ngazi zote, wala hakuna aliyemwambia.

Alipiga goti, akaitafuta seva ya nyumba ile. Ilikuwa Lushoto, ya ukoo wa Wakale. Akaingia kwa mkono, akapandisha kipimo, na hewa ikaanza kushuka kutoka darini kwa mlio mzito. Watu waliinua nyuso kama walioitwa majina. Mzee alivuta pumzi moja, akaongeza ya pili.

"Sasa ni saa ngapi?" aliuliza.

"Sita kasoro dakika saba."

"Basi umetupa dakika saba. Mnyapara wako akipita, atarudisha."

Ni kweli. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha asichoke.

"Zile mia na themanini na saba," Tumpe alisema polepole. "Hukukosea."

"Nilikuwa naingia nyumba za watu, mwanangu. Nakaribishwa, nakula, naona nani kalala wapi. Nikitoka naongeza hewa."

"Kwa nini hukuandika?"

"Ningeandika watu, wangeniuliza majina. Unadhani wote walioko hapa wana ruhusa ya kulala hapa?"

Mama wa beseni alimvutia mwanawe kifuani.

Juzi Tumpe angeweza kumwagiza Mnyapara atunze vipimo vya zamani kabla ya kuvibadili. Hakumwagiza, kwa sababu takataka hazitunzwi. "Unavikumbuka?"

"Vya miezi mitatu iliyopita? Tangu hapo watu wamehama, wamezaa, wameoana. Vya leo sivijui."

Zilibaki dakika nne. Vidole vya Tumpe vilikimbia juu ya kishikwambi, vikakosea, vikarudi. Kuzima Mnyapara kabisa kungeziacha seva zote bila ulinzi. Akaziandika zile mia na themanini na saba pekee, akamwamuru azifungulie hewa mpaka mwisho, kisha asiziguse tena. Ilipofika saa sita watu wote mle ndani walikuwa wanatazama dari.

Mlio haukukatika.

Bi. Mkejina alishusha pumzi ndefu, akaketi palepale. Tumpe hakuketi. Ghala la hewa la mnara, lililolisha nyumba zote, lilikuwa mbele yake kwenye kioo cha kishikwambi, na mstari wake ulikuwa umeshaanza kuteremka. Kwa mwendo ule lingefika Jumatatu asubuhi tu, na leo ni Ijumaa. Baada ya hapo mnara mzima ungebanwa, wenye wageni na wasio nao. Wakubwa wa hewa, waliomwajiri, nao wangeshaiona ripoti, wakamrudisha Mnyapara kwa amri yao.

"Nikibadilisha waraka," alisema, zaidi akijisemea mwenyewe, "usidai watu. Udai lita za hewa tu. Nyumba hii lita kadhaa, basi. Hakuna majina. Mnyapara atazilinda kama anavyolinda fomu."

"Na hizo lita utazijuaje?" mzee aliuliza.

Tumpe alikuwa amekwisha toka.

Mlango wa jirani ulikuwa kwenye orodha. Akagonga. Ulifunguka kidogo, jicho la mwanamume likatua kwenye kishikwambi.

"Tuko wawili," alisema yule mtu, akafunga. Miguuni pa Tumpe, nje ya mlango, palikuwa na ndara jozi kumi na moja.

Akabaki amesimama. Mia na themanini na tano nyuma ya huu, na kila mmoja angemjibu hivyohivyo. Pazi, aliyemfuata na kigoda chake, alikohoa.

"Sisemi mimi. Lakini hicho kisahani chako kinatisha watu kuliko wewe."

Tumpe alikitazama kishikwambi, akamkabidhi. Mikono mitupu aliiona mizito kuliko kawaida. Hakujua aiweke wapi.

"Hodi," aliita. Sauti ilitoka ndogo. Akaita tena, "Hodi wenyewe!"

Ndani mazungumzo yalikatika. Kisha sauti ya mwanamke, ya mbali, jikoni labda: "Nani huyo?"

"Tumpe. Wa mlango wa nne. Yule... yule wa hewa."

Minong'ono. Kitu kikaburutwa sakafuni. Mtoto aliuliza jambo, akanyamazishwa. Tumpe alisubiri, akiwaza ghala, akiwaza Jumatatu, mpaka mlango ukafunguka wote na mwanamke mwenye unga viganjani akamtazama kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Miezi mitatu jirani, na leo ndiyo unabisha hodi," alisema. "Haya, vua viatu upite. Sogeeni, mgeni apate pa kukaa, ugali uko chini."