Moshi Amekula Nini?

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shuleni, Atupele alifagia baraza, akachota maji, kisha akasimama mlangoni na kuita, "Moshi! Njoo, Moshi!" Paka wa kijivu alichomoka chini ya michai, mkia juu, akajisugua miguuni pake. Hapo ndipo Atupele alipoona kwamba siku imeanza vizuri.

Atupele alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Alizaliwa Tukuyu, nchini Tanzania. Baba yake, fundi wa mitambo, alipata kazi ya mkataba katika kiwanda kimoja cha chai karibu na Mogogosiek, nchini Kenya, na familia nzima ikahamia huko. Vilima vya chai vilifanana na vya nyumbani, lakini mengine yote yalikuwa mageni. Alipozungumza darasani, wenzake walicheka. "Unaongea kama redio!" walimwambia.

Aliyemkaribisha kwanza alikuwa jirani yao, Kogo Chepchirchir. "Kogo" ni nyanya, yaani bibi, kwa lugha ya Kikipsigis. Kogo alimwona mtoto amekaa peke yake barazani, akaenda zake. Aliporudi, alikuwa amembeba Moshi ndani ya kikapu. "Huyu atakaa na wewe," alisema. "Nyumba ya mgeni isikuwe kimya."

Sasa ikabidi Moshi alishwe. Kule Tukuyu, paka wa shangazi alikula dagaa na makombo, na hakuna aliyewaza zaidi ya hapo. Lakini Mama alisema, "Paka ni wako. Tafuta chakula kitakachompa afya, na ambacho sisi tutakiweza."

Walipokwenda mjini Kericho, Atupele aliona dukani pakiti yenye picha ya paka anayeng'aa macho. Mama alitazama bei, akairudisha pakiti polepole mahali pake.

"Mwanangu, hiki ni ghali kuliko nyama tunayokula sisi."

Rafiki yake Janefer, aliyekaa naye dawati moja, alikuwa na shauri lake. "Si umpe tu chakula ya mbwa? Inauzwa kwa kilo. Mbwa na paka si wote wana miguu nne?"

"Hata meza ina miguu minne," Atupele alijibu.

"Basi mpe meza kwanza, halafu mbwa!" Janefer akacheka.

Sokoni, Opondo aliyeuza dagaa, ambao watu wa huku huwaita omena, aliapa kwamba paka hahitaji kitu kingine duniani. Alipima, kisha akaongeza konzi moja juu. "Hii ni ya paka kunijua," alisema. Atupele akarudi nyumbani na dagaa.

Kila jioni, baada ya kukamua, Kogo alileta kikombe cha mursik. Hayo ni maziwa yaliyoachwa yagande ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa. Watu wa huku huyathamini sana, na anayepewa huhesabu kwamba ameheshimiwa.

"Chamgei, Atu," Kogo alimsalimu. "Kunywa, mtoto wa mbali. Hapa kwetu mgeni hapewi maji matupu."

"Kongoi, Kogo," Atupele alijibu, kwani neno la asante alikuwa ameshajifunza.

Kogo hakusubiri, maana ndama walikuwa wakimlilia. Siku ya kwanza Atupele alionja. Ukali ulimfinya ulimi, harufu ya moshi ikampanda puani. Alijaribu tena, akashindwa. Angefanya nini sasa? Kurudisha kikombe kikiwa kimejaa ilikuwa kama kumrudishia Kogo wema wake usoni. Kuyamwaga ilikuwa dhambi. Basi aliyamimina kwenye kisahani cha Moshi, na Moshi akalamba mpaka tone la mwisho. Kwani paka si hunywa maziwa? Hata kwenye vitabu vya chekechea huchorwa hivyo. Kesho yake Kogo alichukua kikombe kitupu, akafurahi. Jioni akaleta kingine kilichojaa zaidi.

Muda si muda, tumbo la Moshi likaanza kuharisha. Atupele alidhani ni dagaa, akanunua chakula cha mbwa. Hali ikawa mbaya zaidi. Akadhani ni chakula cha mbwa, akampa ugali na mchuzi. Moshi alinusa, akageuka. Akampa yai, kisha akarudia dagaa, na kila jioni ile mursik ikaendelea kwenda kisahanini. Kila mtu alikuwa na jibu, na kila jibu lilimchanganya Atupele zaidi. Manyoya ya Moshi yalipoteza mng'ao, mbavu zikaanza kuhesabika.

"Wee Atu, hiyo paka yako imekonda kama fito," Janefer alisema, na safari hii hakucheka.

Kwa kuwa Mama alikuwa na kazi, Kogo ndiye aliyempeleka Atupele kwa Daktari Nyabuto, daktari wa mifugo. Daktari huyo alizoea ng'ombe, lakini alisugua viganja vyake vipate joto kabla ya kumshika paka.

"Anakula nini?"

Atupele alitaja dagaa, chakula cha mbwa, ugali na yai.

"Na kitu kingine?"

Kogo alikuwa amesimama pale pale, ameshika kikapu kwa mikono miwili. Atupele alimtazama, akainamisha kichwa. "Hakuna kingine."

Daktari alikuna kidevu. Alitoa dawa ya minyoo na kuagiza Moshi apewe dagaa waliooshwa na kuchemshwa tu. Atupele alitii, ila kwa jambo moja. Kikombe cha jioni kilikuja, naye hakujua kingine cha kukifanyia.

Moshi hakupona. Asubuhi moja hakuja alipoitwa. Walimkuta amejikunja nyuma ya jiko. Mama aliinama, akamgusa mbavu.

"Atupele, turudi kwa daktari mara hii moja. Asipopata nafuu, tutamrudisha kwa Kogo. Labda sisi hatumwezi."

Atupele alimkumbatia Moshi. Kumrudisha Moshi! Nyumba ingekuwa kimya tena. Lakini kosa lilikuwa wapi? Alijiuliza njia nzima.

Kogo naye alifuatana nao. Daktari Nyabuto alimpapasa Moshi tumbo. Mwishowe alisema, "Mama, nitasema ukweli, sielewi. Minyoo nimeitibu. Dagaa waliochemshwa hawafanyi hivi. Kuna dawa nyingine, lakini ni kali, na huyu amedhoofika. Nikikisia vibaya, inaweza kummaliza." Mama akaitikia kwa kichwa, naye Daktari akaanza kuvuta dawa kwenye sindano.

"Subiri, Daktari!" Atupele alisema. Machozi yalikuwa yakimtoka. "Kuna kingine. Nilisema hakuna, lakini kipo. Kila jioni Moshi anakunywa mursik yangu. Kikombe kizima. Mimi... mimi inanishinda, Kogo. Niliogopa utaona nimekudharau."

Mama alifunika mdomo kwa mkono. Kogo alimtazama mtoto, akamtazama paka, kisha akaangua kicheko mpaka akashika ukuta.

"Uwi! Mimi nilikuona mwembamba, nikasema huyu lazima anenepe. Nikidhani nanenepesha mtoto, kumbe nakondesha paka!"

Hata Daktari alicheka, huku akiirudisha sindano mezani. "Haya, sasa nimepata pa kuanzia. Paka mkubwa hayawezi maziwa mengi, Atu. Anayapenda, lakini tumbo lake linayakataa. Na wewe ulikuwa unambadilishia chakula kila mara, basi tumbo likachanganyikiwa kama wewe mwenyewe."

"Sasa nimpe nini, Daktari? Ile ya pakiti hatuiwezi."

"Si lazima iwe ya pakiti. Paka ni mla nyama. Omena waoshe vizuri, mchanga na chumvi vitoke, uwachemshe. Siku nyingine nyama ya kuku au vipande vya bei nafuu kutoka buchari, maini kidogo mara mojamoja. Ugali uwe kidogo tu. Usimtilie chumvi wala kitunguu. Chakula cha mbwa waachie mbwa, hakina yote ambayo mwili wa paka unahitaji. Maji safi yasikosekane. Na ukitaka kubadilisha chakula, badilisha polepole."

Wakafanya hivyo hivyo. Opondo aliposikia habari, aliwachagua dagaa wasio na mchanga mwingi. Polepole Moshi aliacha kuharisha, akaanza kula, na asubuhi moja akaja mwenyewe mlangoni kabla hajaitwa.

Jioni hiyo Kogo alikuja, akakaa na Atupele barazani. Hakuwa na kikombe. Moshi alimpandia mapajani, naye akampapasa mgongo.

"Atu, sikukasirika," alisema. "Lakini sikia. Ulidhani unanilinda mimi, na kidogo tumpoteze huyu ambaye hana mdomo wa kusema. Daktari hawezi kutibu kitu amefichwa. Mtu akikupa kitu kwa moyo mzuri na kikushinde, mwambie kwa heshima. Sema, 'Kongoi, lakini hii inanishinda.' Mwenye kukupenda hataondoka. Atakuuliza tu unapenda nini."

"Nimeelewa, Kogo."

"Haya, basi nakuuliza." Kogo alifungua leso, akatoa hindi la kuchemsha ambalo lilikuwa bado linafuka mvuke. "Hii je? Na useme ukweli."

Atupele aliuma, akatafuna, akafikiri kidogo.

"Kogo," alisema, "hii naomba uniletee mbili."