Majibu ya Bibi Borghild

Kisa hiki nilisimuliwa na mama yake Karna mwaka jana, tulipokuwa tukimenya viazi vya karamu ya kanisa.

Karna alikuwa darasa la sita, hapa kwetu Dakota ya Kaskazini. Kila akitoka shule aliwalisha kuku, ndipo akafanya kazi za darasani. Wiki moja mwalimu aliwataka wanafunzi kila mmoja amhoji mzee, kisha asome majibu yake kwenye karamu ya kanisa.

"Anayeuliza ni mhoji," mwalimu alisema. "Anayejibu ni mhojiwa. Msichanganye kazi zao."

Mhojiwa wa Karna alikuwa Bibi Borghild, anayetupikia lefse, zile chapati za viazi. Siku ya miadi theluji ya kwanza ikaanguka. Leif, mwanafunzi mwenzake, akapita na kigari cha kutelezea.

"Twende, wewe! Wazee wote hujibu yale yale. Wangu kasinzia hata sijamaliza kuuliza!"

Karna akaenda kuteleza. Jioni akajitungia majibu.

Kwenye karamu alisimama akasoma: "Bibi Borghild anasema, 'Lefse nilifundishwa na mama yangu, nimepanda kigoda kando yake.'"

Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja akapaza sauti, "Kumbe ni mkono wa mama, Borghild!"

Bibi alitabasamu kidogo, akainamia sahani yake. Hakula tena.

"Mama, mbona Bibi hali?" Karna aliuliza.

"Mama yake alikufa akimzaa," mama alinong'ona. "Nilidhani amekwambia."

Karna akaweka uma chini. Kesho yake hata kuku aliwasahau. Mama alipomuuliza anaumwa nini, akaangua kilio, akasema yote.

"Mimi siye wa kuambiwa hayo," mama akasema. "Vaa koti."

Mlangoni kwa Bibi, Karna hakuweza kuinua macho. "Bibi, yale maneno niliyatunga. Sikuja. Nilikwenda kuteleza."

"Najua hukuja. Nilikuwa nimekutengea biskuti."

"Mbona hukunisema mbele ya watu?"

"Wote walikuwa wanafurahi. Tena kwa kitambo kidogo, mtoto wewe, hata mimi nilimwona huyo mama."

Karna akalia zaidi.

"Mjukuu wangu, majibu ni mali ya mhojiwa," Bibi akasema. "Ukimtungia, hata uyatunge matamu, umemwibia maisha yake. Jumapili utawaambia watu. Sasa kaa, uliza."

Kumbe lefse alifundishwa na shangazi yake, aliyemchapa vidole kwa kijiti cha kugeuzia kila ilipochanika. Wakacheka wote wawili.

Jumapili Karna alisema ukweli mbele ya kanisa zima, mashavu yakimwaka. Mchana akarudi kwa Bibi na swali lililobaki: "Huyo shangazi, ulimpenda?"

Bibi akafikiri, akafikiri, kidevu kikaanza kushuka. Karna akamfunika blanketi miguuni. Jibu alidhani analijua. Hakuliandika. Aliacha nafasi tupu daftarini, akakaa kusubiri, na pale kitini Bibi Borghild akaanza kukoroma.