Stendi Haina Ubongo

Walijuana kwa waya. Jengo la simu, ghorofa ya chini, saa nne asubuhi, hapapitiki. Kijana muuza gemu, shati la duka limepigwa pasi likanyooka, alipita mbio na boksi lake, akakanyaga waya, akang'oa plagi kwenye kibanda cha fundi.

"Kaka, miguu hiyo umeazima?"

"Samahani, dada. Nakuja kwako. Hii mashine ya gemu ya nyumbani haiwaki, mteja kairudisha."

Fundi, kilemba chekundu, mikono ina madoa ya risasi ya kuchomelea, akacheka. "Nani kakwambia ni ya nyumbani?"

"Lebo. Nimeandika mwenyewe. Si inakaa kwenye stendi, picha inatoka kwenye TV?"

Fundi akaichomoa kwenye stendi, akaiwasha. Skrini ikang'aa kiganjani mwake. "Ya nyumbani bila TV na umeme wa ukutani ni tofali. Ya mkononi ina skrini yake na betri yake, inakwenda uendako. Hii inafanya yote mawili, ni mseto. Ubongo wote umo humu. Stendi ni plastiki na waya, nayo ndiyo iliyoungua."

Tangu hapo kijana hakuishiwa mashine mbovu. Wiki ya tatu akaleta nzima.

"Na hii ina nini?"

"Inakukumbuka."

"Muongo mkubwa wewe!"

Wakapendana miezi minne. Kisha simu ya fundi ikaita: shangazi yake kijana.

"Mwanangu, nimefurahi! Mwenzio kaniambia ukiolewa unafunga kibanda, unatulia nyumbani."

Fundi akakata simu. Kibanda kile! Wenye jengo walimfukuza mara mbili, eti mwanamke mwenye bisibisi anaharibu sura ya korido. Mara mbili alirudi, meza kichwani. Waliocheka siku ile wanajulikana mmoja mmoja, na hakuna aliyesahauliwa. Leo mpenzi wake amalize kazi iliyowashinda?

Simu kumi na moja hakupokea. Ya kumi na mbili akapokea.

"Mpenzi, nilisema vile ili shangazi akubali tu."

"Umenibandika lebo hata hujanifungua."

"Nisamehe, basi."

"Uongo umempa shangazi, msamaha unaniomba mimi? Mwambie yeye ukweli."

Kesho yake mchana, korido imejaa, kijana aliweka simu juu ya meza ya fundi, sauti mwisho.

"Shangazi, nilikudanganya. Kibanda haachi. Si leo, si akiolewa, si akizaa."

"He! Na nyumbani atakaa nani?"

"Wote wawili, tukitoka kazini."

Wauza chaja wakasogea kusikiliza.

"Basi harusi hiyo mimi sikanyagi!"

Kijana akainamia simu. Shangazi ndiye aliyemlea. "Kiti chako tutakiweka, shangazi. Cha mbele."

Simu ikakatwa. Fundi akasogeza kikasha cha bisibisi, akampisha nusu ya benchi.

"Kaa, mume wangu mtarajiwa. Ila ukikanyaga waya wangu tena, nakurudisha dukani."