Mchango wa Mgeni wa Kiponda

Kitu cha kwanza kilichomtia Shemsa shaka kilikuwa ni jozi ya mitalawanda, viatu vya mbao vya kuvaliwa uani na chooni. Ilikuwa mlangoni pamoja na makubadhi ya wanawake wengine, nayo ilikuwa imerowa chapachapa. Nani aliyetoka kwake na mitalawanda akapita nayo vichochoroni mpaka mtaa wa Kiponda? Nje jua lilikuwa linachoma, na mvua ilikuwa haijanyesha tangu vuli.

Wanawake hao walikuwa wakikutana kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri, katika ukumbi wa chini wa nyumba ileile waliyokuwa wakiichangia. Ilikuwa nyumba ya wakfu, iliyoachwa na tajiri mmoja wa zamani ili mabinti wa mtaa wasomeshwe Kurani humo. Shemsa alisoma pale, na mama yake kabla yake. Lakini sasa, mwaka wa hamsini na nne, boriti zilikuwa zimeoza, sakafu ya juu imeanguka nusu, na wakubwa wa mji walikuwa wameshapiga alama nyekundu ukutani. Isipotengenezwa kabla ya masika, itabomolewa. Bi Kazija, mjane aliyekuwa mwalimu wa chuo kile cha Kurani, hakulikubali jambo hilo. Alipiga hodi nyumba kwa nyumba mpaka akawapata wenzake. Wengine walipika mikate ya kumimina wakauza, wengine walishona kofia. Shemsa kazi yake ilikuwa kupitisha sinia ya michango.

Siku hiyo sinia ilifika pembeni kabisa, karibu na mlango wa kwendea kisimani. Hapo alikaa mwanamke aliyejifunika buibui, yaonekana macho tu. Alitoa mkono akaweka kekee, bangili za fedha nzito, za kazi ya zamani, na juu yake mitali ya miguuni. Wanawake wote waligeuka kutazama. Fedha ile ilitosha boriti zote na chokaa yake.

"Hii sehemu yangu," alisema taratibu. "Mmeipokea?"

"Tumepokea, dada. Mungu akuzidishie," waliitikia wote.

Shemsa peke yake hakuitikia. Kekee zilikuwa baridi, kama zilizotolewa majini sasa hivi, na zilinuka udi uliochanganyika na tope.

Wenziwe walipoondoka, alimfuata Bi Kazija. "Yule mgeni wako, bibi, mtu wa wapi?"

"Wangu? Mimi nlidhani kaja na wewe."

Waliwauliza wengine. Kila mmoja alidhani ni mgeni wa mwenzake, na hakuna aliyemwona akitoka.

"Basi tusiiguse fedha ile," Shemsa alisema. "Yumkini ya wizi. Mtu hatumjui hata jina, atupe mali yote ile kwa lipi?"

Bi Kazija aliutazama ukuta uliopasuka. "Masika haya hapa, mwanangu. Wewe unamtafuta mtu jina, mimi nnaitafuta nyumba."

Vyombo vile vikaenda kwa sonara, vikayeyushwa. Boriti zikaja.

Kazi alipewa fundi Usi, mtu wa makamo asiye na maneno mengi. Aliibomoa sakafu yote ya juu, pakabaki uwazi kutoka ukumbini hadi kwenye paa. Akasema na kisima kifukiwe, maana kinaula msingi. Lakini kabla ya wiki kwisha alikwenda kwa Shemsa, akasimama barazani, hataki kukaa.

"Bi Shemsa, kule juu kuna mtu anatembea."

"Juu wapi? Si umeshaibomoa?"

"Ndilo nnalokwambia. Sakafu hakuna, na mtu anatembea. Ka, ka, ka, kwa viatu vya mbao. Huanza tukishika mawe ya kukifukia kisima. Tukiyaweka chini, na yeye husimama."

Shemsa alishuku kuwa fundi anatafuta kuongezewa ujira. Alikwenda mwenyewe, mchana, vibarua wakiwa wanakula. Alisimama katikati ya ukumbi akatazama juu, akaona mbingu kupitia matundu ya paa na njiwa wawili ukutani, na kati yake na wao hapakuwa na ubao wala boriti. Akaokota jiwe, akaelekea nalo kisimani. Hapo akasikia ka, ka, ka, juu ya utosi wake, hatua za mtu asiye na haraka, zikitoka upande wa barabarani zikija upande wa kisima, na njiwa wale wakigeuza vichwa pamoja wakizifuata, mpaka zikafika sawasawa pale aliposimama, zikanyamaza, na tone la maji ya baridi yanayonuka udi likamwangukia kwenye paji la uso.

Alilitua jiwe polepole, kama mtu anayelaza mtoto.

Alipofika kwa Bi Kazija kumweleza, alikuta mlango wazi na chai imepoa. Majirani walisema ametoka tangu alfajiri. Shemsa hakuhitaji kuuliza amekwenda wapi. Alimpitia Maalim Miraji, mtu aliyejulikana mtaa mzima wa Malindi kwa kuwasomea wenye mashetani, wakaenda pamoja.

Bi Kazija alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kisima, miguu inaning'inia ndani, amevaa ile mitalawanda. Alikuwa akitabasamu.

Maalim alianza kusoma Ayatul Kursiyu. Alipofika katikati, Bi Kazija aliipokea, akaisoma naye neno kwa neno, kwa sauti ya mwanamke kijana, tamu, isiyokuwa yake. Maalim alipoteleza kwenye herufi moja, ile sauti ilimrudisha: "Anza tena. Hiyo ni ha ya kooni."

Maalim alirudi nyuma, jasho linamtoka. "Huyu ana dini yake," alimnong'oneza Shemsa. "Kwa kisomo hatoki. Muulize anataka nini, na uangalie unavyomjibu."

"Unataka nini kwa mama wa watu?" Shemsa aliuliza.

"Mlinichangisha, nikatoa. Mkasema mmepokea. Sasa mnataka kunifukia?"

"Tutakurudishia fedha yako."

"Iko wapi?"

Shemsa aliukumbuka moto wa sonara. Bi Kazija alisogea mbele kidogo, na mtalawanda mmoja ukamchopoka mguuni, ukaanguka, wakasubiri, wakasubiri, wala hawakusikia ukigonga maji.

"Nimekaa humu nikiwasikiliza mabinti wakisoma tangu nyumba hii ni mpya," sauti ilisema. "Kisha mkaniachia ukimya. Nipeni nyumba yangu."

"Chukua," Shemsa alisema upesi. "Kisima hakifukiwi. Tutaitengeneza, tutaifunga, haingii mtu. Nyumba ni yako."

"Na kazi yake?"

Bi Kazija alikuwa ameshainua kiuno kutoka kwenye jiwe.

"Na kazi yake. Yote yako. Mwachie."

Bi Kazija alilegea, Maalim akamdaka kwapani kabla hajatumbukia. Alipozinduka aliomba maji, akalia, hakukumbuka kitu.

Nyumba ilimalizwa kabla ya masika. Msingi ulizungushiwa mawe, kuta zikapakwa chokaa, mlango wa nakshi ukasuguliwa mafuta, na alama nyekundu ikafutwa. Watu walisimama kuitazama. Walipouliza chuo kinafunguliwa lini, Shemsa alijibu, "Inshallah, mambo hayajakaa sawa," akaufunga mlango, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga yake. Hata kulala alilala nao. Alijiona ameshinda. Jini kapata kuta, na watoto wa mtaa wamesalimika.

Asubuhi moja ya mvua nyepesi Mashavu, jirani yake, alimkuta sokoni Darajani, akamshika mkono kwa furaha.

"Mmefanya siri, Bi Shemsa, lakini tumewasikia. Watoto wanavyoghani huko juu, mpaka mtu unasimama njiani. Nami binti yangu Sichana nshampeleka leo."

"Umempeleka wapi?"

"Chuoni. Mwalimu mwenyewe kampokea mlangoni, mpole, kajisitiri vizuri. Kaniuliza kama namtoa kwa radhi yangu, nkamwambia, namtoa. Akasema, tumepokea."

Shemsa alipeleka mkono kwenye pindo la kanga. Ufunguo ulikuwapo, umerowa, baridi.